Meneja wa Unga

Jumatatu moja, kabla chai haijachemka, hoteli ya Mzee Muchiri pale Kawangware ilipata mameneja wanne kwa mpigo. Hoteli yenyewe ni meza saba, mabenchi ya mbao, na choo ambacho ufunguo wake umefungwa kwenye mwiko ili mtu asiende nao nyumbani. Wafanyakazi walikuwa wanne. Ukiwaondoa mameneja, aliyebaki mfanyakazi wa kawaida ni paka.

Wangoi, mpwa wake Muchiri anayekaa kwenye kaunta, akawa Meneja wa Fedha. Benard anayebeba sahani akawa Meneja wa Wateja. Obonyo, ambaye kutwa yuko nyuma na masufuria, akawa Meneja wa Usafi na Maji. Na Adhis, jirani yangu wa ploti moja huku Lindi ya Kibera, mpishi wa chapati ambazo watu hutoka mbali kuzifuata, akawa Meneja wa Unga. Kila mmoja alipewa beji ya plastiki yenye jina na cheo, ya kubandika kifuani. Ya Obonyo herufi zilikuwa ndogo kama za maandishi ya dawa, kwa sababu cheo kilikuwa kirefu kuliko beji.

Sasa, mtu akipandishwa cheo Nairobi hii, hasemi asante na mdomo mtupu. Lazima keki. Walichanga, wakanunua, wakamlisha Mzee Muchiri kwa uma, naye akawalisha, Benard akapiga picha na kuitupa WhatsApp. Niliiona. Mzee amefungua mdomo kama kifaranga, Adhis amemshikia uma, na ukiyatazama macho ya yule mzee unaona kabisa anajiuliza hawa watu wamepata wapi pesa ya keki.

"Unacheka nini?" Adhis aliniuliza jioni hiyo, akiosha miguu mlangoni kwake na beji bado iko kifuani.

"Sicheki. Nauliza tu, mshahara umepanda?"

"Cheo kwanza. Mshahara unafuata."

"Unafuata na miguu ama na gari?"

"Wewe Nusu, wivu itakumaliza."

Nusu ndilo jina langu kwake. Nilisomea diploma ya mambo ya wafanyakazi nikaishia katikati, karo iliponishinda kabla hatujafika kwenye sheria. Ploti yetu iko hivyo, mtu huitwa kwa kile anachokosa.

Adhis nimemjua tangu alipokuwa akipika chapati hapa hapa Lindi, kando ya njia, chini ya mwavuli uliokuwa na matangazo ya sabuni. Barabara mpya ilipokuja ikapita juu ya mahali jiko lake lilipokuwa. Alikunja mwavuli, akabeba pani kichwani, akazunguka akitafuta kazi mpaka Muchiri akamchukua. Mumewe, Oyoo, yuko Kisumu kwenye mijengo na huja nyumbani mvua ikikataza kazi. Mtoto wao Kevin yuko shule ya bweni. Kwa hivyo wiki nzima Adhis ni wa unga: anatoka alfajiri, anavuka Ngong Road, anasukuma chapati mpaka mabega yawake moto, anarudi, analala.

Isipokuwa Jumapili. Jumapili asubuhi ni kanisa, na mchana Adhis ni kipa.

Nisikilizeni vizuri, kwa sababu kila kitu kiko hapo. Akina mama wa Lindi wana timu. Wanacheza kwenye kiwanja cha murram, udongo mwekundu mgumu, upande wa Soko la Toi, na Adhis amekuwa golini tangu timu ianze. Ana mwili wa kuziba lango, viganja vilivyokanda unga miaka yote, na mdomo unaosikika mpaka barabarani. Wiki nzima watu humwambia, "Adhis, ongeza mbili hapa." Jumapili ndiyo siku yeye anaambia watu. Beki akizubaa anaambiwa mambo ambayo siwezi kuyaandika na mamangu yuko hai.

Zamani Jumapili hiyo haikuwa na shida. Ilikuwa siku yao ya kupumzika, na Muchiri akiwahitaji ilibidi awalipe mara mbili, jambo lililomuuma kama kung'olewa jino. Kwa hivyo aliwahitaji mara chache sana. Halafu akaenda kwenye mkutano wa wenye ploti, na rafiki yake Kagiri, mzee mwenye nyumba za kupangisha kuanzia kituo mpaka mtoni, akamnong'oneza kwamba meneja halipwi saa za ziada. Hiyo ndiyo elimu yote Muchiri aliyopata. Ilimtosha.

Jumamosi ya wiki ile ile ya keki aliwakusanya wakati wa kufunga.

"Kesho tuonane saa moja asubuhi."

"Kesho ni Jumapili, mzee," Benard akasema.

"Najua siku. Meneja hangoji siku. Meneja anaona biashara kama mtoto wake. Mtoto wako akilia Jumapili utamwambia leo ni ofu?"

"Na saa za ziada?" Obonyo akauliza.

"Meneja hana saa za ziada. Saa zote ni zake."

Waliangaliana. Keki yenyewe walikuwa hawajaisaga tumboni. Jumapili wakaja. Na Jumapili iliyofuata. Na kwa vile sasa Jumapili ilikuwa bure, Mzee Muchiri aligundua kwamba watu wakitoka kanisani huwa na njaa sana.

Huku golini, timu ilimweka Seline. Seline ni mama wa nyumba ya tatu kutoka kwangu, mtu mzuri, mpole, hata yeye hupika chapati za kuuza mlangoni na si mbaya. Ila mpira ukija, Seline hufunga macho na kuomba. Mungu alikuwa na shughuli nyingine. Tulifungwa mpaka refa akaanza kutuhurumia.

Mnadhani Adhis alikasirikia Muchiri? Thubutu. Alikasirikia Seline.

Na mimi ndiye niliyekuwa nikikasirika kwa niaba ya kila mtu. Maana cheo cha plastiki kilikuwa kimeanza kula. Kwenye chama cha akina mama, zamu ya kuchanga ikifika kwake wanasema, "Meneja, wewe si wa kiwango hiki." Kanisani walimtoa kwenye benchi lake la nyuma wakamketisha mbele, mahali ambapo sadaka huonekana. Na mama mkwe wake huko Bondo alitangaza habari hiyo kwa kijiji kizima, kuku akachinjwa, na sasa walikuwa wanamngojea Desemba awe mgeni wa heshima kwenye harambee ya mabati ya kanisa. Mtu anapika chapati masaa yale yale, kwa mshahara ule ule, bila Jumapili, na juu ya hayo ananunua mabati. Kama huo si wizi wa mchana basi sijui tunaita nini.

Ndipo Trizah akaingilia. Trizah ni kocha wa timu, anauza viatu vya mitumba Toi, na akikutajia bei utadhani viatu vimemkosea. Alikuja ploti usiku akasimama mlangoni kwa Adhis bila hata salamu.

"Jumapili hii tunacheza na Ayany. Unakuja ama hukuji?"

"Trizah, unajua kazi yangu ya siku hizi."

"Sijaulizia kazi. Kuna msichana wa Makina, mrefu, anadaka. Usipokuja, namchukua yeye, na hizo glavu umpe. Moja kwa moja."

"Moja kwa moja vipi? Mimi ndiye kipa."

"Wewe ni meneja," Trizah akasema, akaenda.

Adhis alikaa pale kwenye kizingiti muda mrefu. Glavu zilikuwa zinaning'inia kwenye msumari ndani, zimekauka kama samaki wa omena. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu.

"Mama Kevin, hebu nijibu maswali machache. Ni nani umewahi kuandika kazi pale hotelini?"

"Nitaandikaje mtu na hoteli ni ya Muchiri?"

"Ni nani umewahi kufuta kazi?"

"Paka. Nilimfukuza jikoni, Muchiri akamrudisha."

"Ukiugua, unaomba ruhusa ama unatoa ruhusa?"

"Naomba. Na ananinyima."

"Sasa wewe huwa unaamua nini?"

Akafikiria. "Unga. Naamua maji yaingie kiasi gani."

"Hata hapo Muchiri husema uongeze maji zitoke nyingi."

"Husema. Siongezi."

"Hiyo si umeneja. Hiyo ni ukaidi."

Alinitupia kitambaa cha kufutia miguu. Lakini kesho yake jioni alikubali twende kwa Audrey, dada anayefanya kazi na mawakili na ambaye huketi kwenye ukumbi wa kanisa nyuma ya ploti yetu kusikiza shida za watu bila malipo. Kabla yetu kulikuwa na mzee anayegombana na jirani kuhusu bomba. Tulingoja. Adhis alikuwa amevaa beji. Nilimwambia aitoe, akaniambia nitoe kichwa changu kwanza.

Alipomaliza kueleza, nikaona niongeze uzito kidogo. "Shida ni moja tu," nikamwambia Audrey. "Meneja kweli hana ovataimu. Hiyo najua."

Audrey akanitazama. "Nani alikwambia ni rahisi hivyo? Ulisoma ukafika wapi?"

"Nusu," Adhis akajibu.

"Inaonekana."

Halafu akamgeukia Adhis, akamweleza polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuvuka barabara. Cheo ni kofia, alisema. Shida ikifika kwa mtu wa kuamua, hataishia kuuliza kofia imeandikwa nini, atauliza kichwa kilichoivaa kinafanya nini siku nzima. Unaandika watu? Unafuta? Unapanga zamu? Unaamua mwenyewe uingie saa ngapi na utoke saa ngapi? Mwenye hoteli akisafiri, neno lako ndilo la mwisho?

"Kama unafanya hayo, na mlikubaliana hivyo, hiyo ni hadithi nyingine," Audrey akasema. "Kama kutwa unasukuma chapati, basi wewe ni mpishi aliyevaa beji, na saa zako zinahesabiwa kama za mpishi. Na siku moja ya kupumzika kwa wiki ni ya kila mtu aliyeajiriwa, awe meneja wa kweli ama wa plastiki. Umenielewa, mama?"

"Nimeelewa kabisa," Adhis akasema. "Asante sana, dada. Mungu akuzidishie."

Tukarudi. Mimi moyoni nilikuwa naimba. Nilijua kesho atamwendea Muchiri, atamrudishia kipande chake cha plastiki, Jumapili tuko uwanjani. Tulipofika kwenye bomba akasimama.

"Amesema meneja wa kweli anaandika watu."

"Ndiyo. Na wewe huandiki."

"Bado."

"Bado nini?"

"Bado sijajaribu."

Nilishika kichwa kwa mikono miwili. Jamani, kuna watu ukiwaonyesha mlango wanauliza dirisha liko wapi. Mtu ameambiwa waziwazi kwamba yeye si meneja, kwamba hilo ndilo linalomwokoa, naye amechukua yale maswali yote ya Audrey kama mtihani wa kupita!

"Mama Kevin! Hukusikia? Si vizuri kuyapita!"

"Wewe nyamaza, mtihani wako mwenyewe hukumaliza. Nikiwa meneja wa kweli, naweza kupanga mtu anishikie Jumapili. Nitadaka, na huko Bondo sitaaibika. Nani ameumia?"

"Muchiri atakufuta!"

"Muchiri alinipa cheo mbele ya watu na akala keki. Mtu anakula keki ya kitu ambacho si kweli?"

Hapo alinimaliza. Kwa sababu hilo ndilo kosa lenyewe, na si lake peke yake, ni letu sote. Tukishakata keki tunaona jambo limekuwa sakramenti.

Usiku huo huo alibisha kwa Seline. Kuta zetu ni mabati, nilisikia kila neno.

"Seline, Jumapili utanipikia Kawangware. Mimi nitarudi golini."

"Na nani atanilipa?"

"Hoteli."

"Mwenye hoteli anajua?"

"Meneja anajua. Meneja ni mimi. Unataka kazi ama unataka kurudi kufungwa magoli?"

"Nakuja na aproni yangu ama mko nazo?" Seline akauliza.

Ukweli usemwe, ulikuwa mpango mzuri. Kwa pigo moja aliondoa kipa mbaya golini akamweka jikoni, na kipa mzuri aliyekuwa jikoni akamrudisha golini. Kama angekuwa meneja kweli, Muchiri angetajirika.

Jumapili asubuhi niliwafuata. Sikuwa na kazi huko, lakini kuna vitu mtu hataki kuhadithiwa. Nilikaa meza ya pembeni na sahani yangu ya maharagwe, madondo, nikingoja. Adhis alikuwa amekuja na mfuko wa glavu begani. Alimwonyesha Seline pani, jiko, mahali pa unga, akamwambia mafuta yasizidi. Wangoi kwenye kaunta aliona yote, akainua nyusi, akashusha, akarudi kwenye hesabu zake. Huyo msichana ana akili kuliko ukoo wake wote.

Mzee Muchiri aliingia baada ya ibada ya kwanza, suti ya kahawia, Biblia kwapani, akiwa na Kagiri na wateja wengine wa kanisani nyuma yao. Akavuta pumzi ya chapati, akatabasamu, kisha akaona mgongo asioujua.

"Huyu ni nani?"

Seline akageuka na unga mpaka kwenye kope. "Mimi ni Seline, mzee. Niliandikwa Alhamisi."

"Uliandikwa na nani?"

"Na meneja."

"Meneja gani?"

"Wa Unga."

Mteja mmoja akapaliwa na chai. Adhis akajitokeza kutoka kwenye stoo, amesimama wima, beji inang'aa, na kwa sauti ya heshima ambayo sijawahi kuisikia kwake akasema, "Mzee, nimepanga zamu. Leo Seline atanishikia. Nimemwangalia kazi, yuko sawa."

Uso wa Muchiri ulipanda rangi kuanzia shingoni. "Umepanga nini? Umeandika mtu? Kwa hoteli yangu? Ngai! Ni nani alikupa ruhusa ya kuandika mtu?"

"Si mimi ni meneja?"

"Meneja kitu gani! Hapa anayeandika ni mimi! Anayefuta ni mimi! Anayepanga zamu ni mimi! Wewe ni mtu wa kupika chapati tu!"

Hata yule aliyepaliwa aliacha kukohoa. Nami nikakumbuka maswali ya Audrey, moja baada ya jingine, na huyu mzee ameyajibu yote kwa pumzi moja, mbele ya nusu ya kanisa lake, bila kuulizwa. Hata wakili wa kulipwa asingemtoa maneno hayo.

Kagiri aliliona kosa hilo kabla yake. Akamvuta mkono wa suti. "Muchiri, nyamaza."

Lakini Obonyo alikuwa ameshatoka kule nyuma na povu mpaka viwikoni. "Samahani, mzee. Na mimi je, ni meneja ama si meneja?"

"Wewe rudi kwa vyombo!"

"Narudi. Nataka tu kujua narudi kama nani."

"Kama Meneja wa Usafi na Maji!"

"Sawa. Basi nimeamua tufunge maji twende nyumbani."

"Huwezi kuamua hivyo!"

"Omera, basi mimi si meneja," Obonyo akasema, akimwambia Benard, kana kwamba ni Benard aliyeuliza.

"Muchiri, nimekwambia unyamaze," Kagiri akafoka kwa kunong'ona, na kunong'ona kwa Kagiri husikika mpaka ng'ambo. "Kila ukifungua mdomo unajimaliza!"

"Si ni wewe ulinifundisha!"

"Nilikwambia mmoja! Wangoi, kwa sababu ana funguo na anakaa na pesa! Nani alikwambia ufanye mpaka wa kuosha vyombo?"

"Anko," Wangoi akasema kutoka kwenye kaunta, bila kuinua macho, "hizi Jumapili zote zilizopita sasa niziandike kuwa za nani?"

Watu walicheka. Mimi nilicheka mpaka madondo yakaingia njia ya hewa. Nikamtazama Adhis nione amefurahi kiasi gani, maana alikuwa ameshinda, na ushindi kamili, hata goli la kujifunga haliwi safi hivyo.

Hakuwa anacheka. Alikuwa amesimama pale pale akimtazama Muchiri, na midomo yake ilikuwa inatafuta mahali pa kukaa. Akabandua beji kifuani. Pini ilikwama kwenye blauzi akaivuta, uzi ukatoka. Akaiweka kwenye kaunta.

"Mzee," akasema, "kama mimi ni mtu wa chapati tu, leo ni siku yangu ya kupumzika. Kama mimi ni meneja, mtu wangu wa zamu ndiye huyu. Chagua wewe. Lakini chagua haraka, mechi ni saa nane."

Muchiri akatazama beji. Akatazama mlango, ambapo watu wa ibada ya pili walikuwa wameanza kuingia na watoto wao. Akamtazama Kagiri, ambaye alikuwa ameanza kusoma tangazo la chai ukutani kama mtu asiyemfahamu.

"Ukitoka hapa..." akaanza.

"Ukimaliza hiyo sentensi," Wangoi akasema, "Audrey wa mawakili kule Lindi ataijua kabla ya jioni. Ni mtu wa kwaya yetu."

Mzee akafunga mdomo. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ya biashara, "Huyu Seline anajua kupika?"

"Onja," Adhis akasema.

Akaonja. Alitafuna muda mrefu kuliko chapati inavyohitaji. "Nenda," akasema hatimaye, akimwambia ukuta.

"Na huyu Seline utamlipa," Kagiri akaongeza, bado anasoma tangazo.

Tuliondoka. Jua lilikuwa kali, vumbi la Kawangware likituingia meno. Mimi nilikuwa na vichekesho tayari mdomoni, vimejipanga kama watu wa bomba, lakini Adhis alikuwa anatembea kwa hasira, mfuko wa glavu ukimpiga nyonga.

"Umefurahi sasa?" akaniuliza bila kugeuka.

"Kiasi."

"Umefurahi. Ulisema tangu mwanzo." Tukavuka. "Miaka yote hii napika. Hakuna mtu alishawahi kuandika jina langu mahali. Cheti cha shule sikupata, barua ya kazi sikupata. Ile ilikuwa plastiki, najua, mimi si mjinga. Lakini iliandikwa Adhis."

Vichekesho vyote vilikauka. Nilitaka kumwambia kwamba Muchiri hakumpa jina, alimnunua nalo, tena kwa bei ya chini. Nikaona hilo analijua kuliko mimi. Nikamwomba nimbebee mfuko. Akakataa.

Kiwanjani Trizah alikuwa na msichana wa Makina kando yake, mrefu kweli, anaruka ruka kupasha misuli. Adhis alipita katikati yao bila salamu, akasimama golini, akavaa glavu. Trizah akamwangalia yule msichana, akainua mabega. "Kaa benchi kwanza," akamwambia. Hiyo ndiyo karibu ya Trizah.

Ayany walikuwa wazuri, na Jumapili zote zile za unga zilionekana. Goli la kwanza lilipita katikati ya miguu ya Adhis. La pili alichelewa kuinama. Alimtukana beki, akamtukana refa, akalitukana jua. Wakati wa mapumziko simu yake ikalia. Ni mama mkwe kutoka Bondo. Waliongea Kijaluo, nami kwa uvumilivu wa miaka ya ujirani nilishika karibu yote.

"Mama, ile kazi ya umeneja imeisha. Nimerudi kwa chapati."

"Wee! Usiseme hivyo kwa simu. Kitambaa cha mgeni wa heshima kimeshashonwa."

"Mama, nakwambia ukweli."

"Hiyo ni ya Nairobi. Huku wewe ni meneja mpaka mabati yapigwe."

Akakata. Adhis akaitazama simu kama imemwuma. Mimi nikatazama mbingu. Unaweza kumshinda mwenye hoteli, lakini nani atawashinda watu wa nyumbani?

Kabla hajaiweka simu, ujumbe wa Wangoi ukaingia, akanipa nimsomee kwa sababu glavu zilikuwa zimejaa vumbi. Uliandikwa hivi: Anko amesema kesho uje kama kawaida. Jumapili ijayo hoteli haifunguliwi. Amesema mameneja wamemchosha.

"Haifunguliwi," Adhis akarudia.

"Ndivyo amesema."

"Na Jumapili za nyuma, zitalipwa?"

"Za nyuma hajasema."

"Atasema," akajibu, akafunga glavu kwa meno.

Nusu ya pili Ayany walikuja kama watu waliotumwa. Mshambuliaji wao mmoja, binti mwembamba mwenye viatu vya rangi mbili, alibaki peke yake na Adhis, akapiga kwa nguvu zote. Adhis aliupokea kwa kifua. Nilisikia mlio wake kutoka pembeni. Alianguka, akakaa pale kwenye murram, mpira ameukumbatia, pumzi imekatika.

Trizah akakimbia mpaka kwenye mstari. "Adhis! Umechoka! Toka, huyu msichana aingie, muda umebaki mwingi!"

Adhis akainuka kwa goti moja, kisha la pili. Alikuwa na vumbi jekundu kuanzia shavuni mpaka pale blauzi ilipotoka uzi. Akautazama uwanja mzima, mabeki waliosimama wakimsubiri, watu waliopanga mawe wakakalia, jua ambalo bado lilikuwa juu ya mabati ya Kibera.

"Trizah, niache," akasema. "Mimi sitoki hapa mpaka giza."

Akaupiga mpira mbali, na kabla haujatua alikuwa ameshaanza kumgombeza beki.